Kutega Sikio Kabla ya Kupaza Sauti

Masomo ya kusindikiza tafakari: Nehemia 2, 11-18; Marko 6, 34-44



Katika vikundi vyetu vya parokia kuna swali moja linalorudi kila tunapokutana: tutafanya nini? Vijana wa Kiro wanaliuliza, wa Xaveri wanaliuliza, waimbaji wa kwaya wanaliuliza wakiwa bado wamevaa mavazi ya Misa. Nchi inateseka, ujana unapita, na hakuna anayetaka kuzeeka akiwa mtazamaji. Swali hilo ni jema, na ole wake parokia ambayo vijana wake wameacha kuliuliza. Lakini liko swali jingine linalotangulia, ambalo wachache wanalipenda kwa sababu halina ngoma wala bendera: tumeona nini? Leo tunapenda kulitetea swali hilo la pili, na tutafanya hivyo kwa msaada wa mgeni aliyeishi kati yetu kwa muda.

Mgeni huyo ni binti wa mji wetu wa Bukavu, mwanafunzi wa sosiolojia katika masomo ya uzamili. Alifika kwa padri paroko akiwa na barua ya chuo chake. Alitaka kuchunguza jinsi vijana wa parokia wanavyoingia katika mambo ya siasa, jinsi utamaduni wao unavyowasukuma au kuwazuia, na ni kitu gani kinachomfanya kijana mmoja awe mwanaharakati wakati ndugu yake wa tumbo moja anabaki kimya. Paroko alimkabidhi kwetu sisi makatekista. Kwa miezi kadhaa alikaa nyuma ya ukumbi, daftari magotini. Alikuja kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye salongo ya kuzibua mifereji, na kwenye sala za shirika jioni. Hakuuliza kama tunaipenda serikali au tunaichukia. Aliuliza mambo yaliyoonekana madogo: Wimbo huu mnaouimba mnapokwenda kwa mkuu wa mtaa, nani aliuchagua? Madai mnayoyaandika, nani anashika kalamu? Siku ya kuandamana, nani anabaki nyumbani, na kwa nini?

Manung'uniko yalitoka pande mbili. Kijana mmoja, mwenye moyo wa moto na ulimi mwepesi, alitwambia: «Mwalimu, dada huyu anaandika tu. Kalamu haileti maji.» Na mzee mmoja wa shirika alitusimamisha baada ya Misa akatuuliza: «Katekista, tangu lini Kanisa linaandika habari za watu juu ya siasa?» Wote wawili walistahili jibu, na jibu hilo ndilo kiini cha tafakari hii.

Tuanze na mzee. Hofu yake haikutoka hewani. Wazazi wetu walijifunza kuogopa daftari. Wakati wa ukoloni, mtu aliyefika kijijini kuandika majina alikuwa akitafuta walipa kodi, walimaji wa pamba wa lazima, na mikono ya kupeleka migodini na kwenye mashamba makubwa. Wakati wa chama kimoja, neno lililosemwa sebuleni liliweza kuandikwa na jirani na kusomwa na wakubwa. Kisha zikaja vita, na nyuma ya vita wakaja wageni wengi wenye karatasi za maswali. Watu wa Kivu wamesimulia majeraha yao kwa wageni ambao hawakurudi tena. Mama mmoja muuza sambaza katika soko la Kadutu alimjibu binti yetu hivi: «Mwanangu, nimehesabiwa mara nyingi. Sijarudishiwa hesabu hata siku moja.» Binti alifunga daftari, akaketi kando ya kapu, akamsaidia kupanga mafungu ya samaki. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne mama ndiye aliyeanza kusimulia.

Maandiko Matakatifu yanajua tofauti hiyo. Mfalme Daudi aliagiza watu wahesabiwe ili ajue ukubwa wa jeshi lake, na hesabu hiyo ilileta msiba juu ya taifa. Nehemia naye alitazama na kupima, lakini kwa moyo mwingine. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu. Kisha aliondoka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka mji, akaziona kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto, hata akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote mpango wake. Ni baada ya kuona kwa macho yake ndipo aliposema na watu: njoni tujenge. Nao walijenga, wengi wao wakitengeneza sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Daudi alihesabu ili watu wamtumikie. Nehemia alichunguza ili yeye awatumikie watu. Basi, mzee wetu, daftari silo la kuogopa. La kuuliza ni hili: aliyelishika anamtumikia nani, na atairudisha hesabu kwa nani?

Sasa tumjibu kijana aliyesema kwamba kalamu haileti maji. Kwake tunataka kuzungumza juu ya siasa na utamaduni, kwa maana katika nchi yetu vitu hivyo viwili havijawahi kulala vitanda tofauti.

Sisi tuliozaliwa chini ya chama cha MPR tulijifunza siasa kwa miguu kabla ya kuijifunza kwa akili. Asubuhi, mbele ya bendera, tuliimba na kucheza sifa za kiongozi. Shughuli hiyo iliitwa «animation», na kulikuwa na vikundi vilivyofanya mazoezi kwa ajili yake kama kwaya inavyojiandaa kwa Pasaka. Sura ya Rais ilichapwa kwenye vitambaa walivyovaa mama zetu. Hata neno salongo, ambalo leo linatukumbusha kusafisha mtaa pamoja, lilikuwa amri ya wakubwa. Ngoma zilikuwa zetu, hatua za kucheza zilikuwa za mababu zetu, sauti zilikuwa nzuri ajabu. Lakini maneno yalitungwa na wengine, na hakuna mtoto aliyeulizwa kama anayaamini. Ndiyo sababu swali la binti yule, «nani aliuchagua wimbo?», lina uzito mkubwa. Watu wanaweza kuimba kwa nguvu zao zote na bado wasiwe wamesema neno lao hata moja. Hata leo, wakati wa uchaguzi, vijana wanagawiwa fulana, vinywaji na wimbo uliokwisha kutungwa, wanapanda lori, wanazunguka mji wakipiga kelele, na jioni wanarudi nyumbani kwa miguu.

Lakini utamaduni uleule uliweza pia kuwa mdomo wa watu. Tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa walitoka katika parokia zao kudai kwamba Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliosimamishwa mwezi wa Januari, ufunguliwe tena. Hawakubeba silaha. Walibeba Biblia, rozari na nyimbo za kanisani. Askari waliwafyatulia risasi, na wengi walipoteza maisha. Mwezi wa Aprili mkutano ulifunguliwa tena, chini ya uongozi wa Askofu Mkuu Laurent Monsengwo.

Miaka ishirini na mitano baadaye, tarehe 31 Desemba 2017, halafu tarehe 21 Januari na 25 Februari 2018, Komite ya Walei ya Uratibu iliwaita tena waamini watoke. Walidai mapatano yaliyofikiwa tarehe 31 Desemba 2016 kwa upatanishi wa maaskofu yaheshimiwe, na uchaguzi ufanyike. Wengi wenu mnayajua majina mawili ya siku hizo. Thérèse Kapangala, msichana aliyetamani kuwa mtawa, aliuawa tarehe 21 Januari kwenye parokia ya Mtakatifu Fransisko wa Sales huko Kintambo. Rossy Mukendi, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Pedagojia, aliuawa tarehe 25 Februari kwenye parokia ya Mtakatifu Benedikto huko Lemba. Hatuyataji majina haya ili kuwapamba vijana wetu kwa hamu ya kufa. Tunayataja ili mjue bei ya wimbo mmoja unaoimbwa kwa hiari.

Tena angalieni ni nani waliokuwa miongoni mwa viongozi wa Komite ile. Isidore Ndaywel è Nziem ni mwanahistoria, mtu aliyetumia miaka mingi akikusanya na kuandika historia ya Kongo tangu mababu. Thierry Nlandu Mayamba ni mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu. Hao ni watu wa kalamu. Walikuwa wamekaa muda mrefu na vitabu na maneno ya watu, na walipoita, sauti yao ilikuwa na mizizi. Kijana wetu alidhani kwamba mwenye kuandika na mwenye kuandamana ni watu wawili. Katika historia yetu mara nyingine amekuwa mtu mmoja, asubuhi na jioni.

Kanisa lenyewe limetufundisha njia hiyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, padri kijana wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliona kwamba rafiki zake wa utotoni walioingia viwandani walikuwa wakilipotea Kanisa, na Kanisa likiwapotea wao. Hakuanza kwa kuwahubiria. Aliwafundisha vijana wafanyakazi wachunguze maisha yao wenyewe: wanaanza kazi saa ngapi, wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi, nani anaugua na kwa nini. Mwaka 1925 chama chao, JOC, kilisimama rasmi. Kutoka humo ilizaliwa njia ya hatua tatu ambayo Papa Yohane XXIII aliipokea katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961: kuona, kupima kwa mwanga wa Injili, kutenda. Mnaijua kwa moyo, kwa maana tunaifundisha katika kila semina. Lakini tazameni mikutano yetu. Kuona tunakumaliza kwa dakika tano, kwa kuwa kila mmoja anaamini kwamba ameshaona. Kupima tunakumaliza kwa sala fupi. Muda wote unaobaki ni wa kutenda, nao unaishia katika kuchagua rangi ya fulana. Sosiolojia, vijana wapenzi, haishindani na imani. Ni hatua ile ya kwanza ikifanywa kwa uvumilivu.

Hapa Bukavu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, mwana wa Kivu hii, alisomea mambo ya jamii katika chuo kikuu cha Louvain. Mwaka 1971, serikali ilipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa Kinshasa waliokuwa wameandamana, yeye aliyekuwa padri aliomba aandikishwe pamoja na vijana. Elimu yake haikumfanya akae juu ya mlima na kuwatazama watu kama mchwa. Ilimshusha katikati yao. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika katika mji wetu, alitembea kati yao na kati ya wenyeji. Aliandika barua baada ya barua akieleza yaliyokuwa yakitokea, na hakumbagua mtu kwa kabila. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa hapahapa mjini. Tulikuwa vijana wakati huo, na tunakumbuka ukimya ulioingia nyumbani mwetu. Wengi walipaza sauti katika miaka ile, na sauti nyingi zimesahauliwa. Yake inasikika bado, kwa sababu alisema mambo aliyokuwa ameyaona na watu aliokuwa amewasikiliza.

Turudi sasa kwenye kikundi chetu, kwa maana maswali ya binti yule yalizaa tunda ambalo hakulipanda. Kikundi kilikuwa kimeamua kwenda kwa mkuu wa mtaa kudai maji. Bango lilikuwa tayari, na maneno yake yalikuwa makubwa: «Tunataka maji!» Jioni moja binti aliuliza, kwa upole wake wa kawaida, nani kati ya walioandika bango huenda kuteka maji. Kimya. Vijana wa kiume walitazamana. Kisha msichana mmoja wa kwaya, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema mkutanoni, alinyoosha mkono. Alisema kwamba yeye na dada zake huamka saa kumi usiku, wakaweka bidoni zao kwenye foleni. Kwamba njia ya bombani haina taa na wasichana wamekwisha kusumbuliwa pale. Kwamba bomba la juu lilikuwa likitoa maji hadi mfereji ulipobomoka wakati wa mvua. Katika bango hakukuwa na neno hata moja la hayo yote. Wasichana walikuwa wamechagua nyimbo. Hakuna aliyewauliza madai.

Basi waliahirisha safari yao kwa majuma matatu. Waligawana mashirika, wawili wawili, mvulana na msichana. Walizunguka avenyu kwa avenyu wakiuliza na kuandika: maji yanatoka wapi, saa ngapi, nani anayateka, anatumia muda gani, bomba gani limekufa na tangu lini. Kijana yule mwenye ulimi mwepesi alizunguka kuliko wote. Walipomaliza walisoma majibu katika kila shirika, ili watu wasahihishe. Wazee walisahihisha kwelikweli, na yule aliyetusimamisha baada ya Misa ndiye aliyejua mahali mabomba ya zamani yalipopita.

Walipofika kwa mkuu wa mtaa hawakuwa na bango. Walikuwa na kurasa nne na msemaji, naye alikuwa msichana yule wa kwaya. Mkuu wa mtaa amezoea makelele na anajua kuyajibu kwa makelele. Kurasa zile zilimshinda kujibu papo hapo, akakubali kwenda nao hadi kwenye mfereji. Hatutaki kuwadanganya: maji hayajafika kila avenyu. Bomba moja lilitengenezwa, mengine bado, na kikundi kinaendelea kudai. Lakini wasichana sasa huenda bombani kwa zamu, pamoja na kaka zao wenye tochi, na jambo hilo halikuhitaji saini ya mkubwa yeyote. Lilihitaji tu kujulikana.

Yesu mwenyewe, mbele ya umati wenye njaa, hakuanza na muujiza. Aliwauliza wanafunzi wana mikate mingapi, akawatuma waende wakaangalie. Walirudi na hesabu ya aibu: mitano, na samaki wawili. Ni hesabu hiyo ndogo, ya kweli, aliyoichukua mikononi mwake, akaibariki, akaimega. Angeweza kulisha watu bila kuhesabu. Lakini alitaka wanafunzi wake wajue kwanza walichonacho na wasichonacho, wasije wakadhani kwamba upendo ni maneno matupu yanayotupwa juu ya vichwa vya watu.

Binti yetu amemaliza kazi yake. Kabla ya kuipeleka chuoni alirudi ukumbini akatusomea yale aliyoyaandika juu yetu, akaturuhusu tubishane naye, na mahali pawili alibadilisha. Kisha akapanda Kadutu kumsomea mama muuza sambaza sehemu yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamwambia: «Sasa umenirudishia hesabu.» Kila mmoja wenu atakayesoma hadi chuo kikuu, na tunaomba muwe wengi, akumbuke kwamba maneno ya watu ni mali ya watu. Ukiyachukua ni deni. Na kila mmoja wenu atakayekuwa mwanaharakati, na hao pia tunaomba wawe wengi, akumbuke kwamba hakuna ruhusa ya kusema kwa niaba ya mtu ambaye hujamuuliza hali yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani huchagua nyimbo, nani huandika, nani husema mbele ya wakubwa? Nani hajawahi kuulizwa?

2. Tuchague shida moja ya shirika letu. Tunajua nini juu yake kwa kuona, na tunajua nini kwa kusikia tu? Tutawatuma nani wakaangalie?

3. Je, kuna watu waliotupa maneno yao na hatujawarudishia hesabu?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeuona umati ukauhurumia, utupe macho yasiyo na haraka na masikio yasiyochagua. Uwapokee mashahidi wa nchi yetu waliotoa damu yao wakidai haki bila silaha. Utufundishe kuwajua watu wako kabla ya kusema kwa niaba yao, na tukishawajua, utunyime raha ya kunyamaza. Amina.